Mwizi Aliyepangusa Meza

Mwizi aliingia ndani ya nyumba yetu ya ordinatere, kompyuta za kukunja, akazibeba zote tano, halafu akapangusa meza.

Someni tena.

Akapangusa meza. Na chini akapiga tambala, pakakauka pakang'aa.

Hicho ni kitendawili, wanangu, na si kile cha kuchezesha watoto wakingoja bugali iive. Kwa ajili ya kitendawili hicho mjukuu wangu alifungwa kamba mikononi mbele ya kisiwa kizima.

Mimi ni Koko Ernestine. Kwetu Maniema koko ni mama wa mama au mama wa baba, yule mzee wa nyumbani. Nilisoma mpaka la tano primere, basi. Mkikuta kosa katika maandishi yangu, lirukeni kama mnavyoruka dimbwi.

Ninaishi kisiwa cha Lubanda, katikati ya mto Lualaba. Ukisimama mwaloni kwetu unaiona Nyangwe ng'ambo, hata jogoo wao unawasikia. Lakini kufika huko ni mtumbwi tu. Mto ukikasirika, unakaa kwako.

Siku shirika moja lilipotuambia kwamba litajenga nyumba ya ordinatere hapa hapa kisiwani, wazee walicheka mpaka wakakohoa.

"Mashine kwa wavuvi? Zitavua nini?"

Lakini tulijenga. Wanaume walichoma matofali, sisi wanawake tukabeba mchanga kichwani. Mabati yalikuja kwa mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja. Wakaweka plake za jua juu ya bati, na antene nyeupe kama sahani ya mfalme.

Watoto nikawatungia kitendawili chao palepale.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Mwanangu anameza jua mchana, analitema usiku."

"Plake, Koko! Plake!"

Tulikuwa na furaha wakati ule.

Msimamizi alikuwa Bwana Magloire, kijana wa Kasongo, shati ndani ya suruali hata kwenye matope. Si mtu mbaya, nasema kweli. Ndiye aliyefundisha vijana wetu. Siku ya kufungua alisimama mlangoni akatuambia:

"Wamama, wababa, mashine hizi adui yao mukubwa si mwizi. Adui ni unyevu. Maji yakiingia ndani, imekufa, imekwisha."

Tulitikisa vichwa. Unyevu sisi tunaujua. Kisiwani hata chumvi inalia ndani ya kopo.

Ufunguo walimpa mjukuu wangu Yvette.

Hapo niseme kidogo. Yvette ni mtoto wa binti yangu marehemu. Aliacha shule kwa sababu ya mimba, na yule aliyempa mimba akapotelea machimboni. Watu walimsema, wakamsema tena. Lakini mbele ya mashine ile vidole vyake vilikimbia kama mvua kwenye bati. Magloire mwenyewe aliduwaa. Akamfanya mlinzi, na akaahidi kwamba mwaka ukiisha shirika litampa kazi ya kufundisha.

Yvette akauvaa ufunguo shingoni pamoja na rozari yake. Kwa mara ya kwanza tangu azae nilimwona anatembea na kichwa juu.

Siku za wiki zilikuwa za vijana. Jumapili, baada ya misa, ilikuwa zamu ya wamama.

Sisi hatukuja kujifunza. Tulikuja kuwaona watoto wetu.

Nusu ya vijana wa Lubanda wako Salamabila, wanachimba dhahabu. Mtoto anaenda, unasikia tu habari zake kwa wasafiri, kama yuko hai au vipi. Sasa antene ile ilileta sura zao.

Jirani yangu Mama Julienne alikuwa hajamwona mwanawe Zéphirin miaka mingi. Siku Yvette alipomleta kwenye kioo cha ordinatere, Julienne alipiga kelele, akaweka kiganja juu ya ile sura.

"Zéphi! Umekonda namna hii? Huko hawakupatie chakula?"

"Mama, toa mukono! Umenifunika, sikuoni!"

Tulicheka, tukalia. Tangu siku hiyo Julienne alikuwa anafagia mbele ya nyumba ile kila asubuhi. Hakuna aliyemtuma.

Basi. Jumamosi moja Esther-Divine, mtoto wa Yvette, akawaka homa mwili mzima. Yvette akafunga nyumba ya ordinatere, tukampakia mtoto mtumbwini, mimi na yeye, tukavuka kwenda kituo cha afya Nyangwe.

Jumapili mchana ikapiga mvua ambayo sijaiona siku nyingi. Upepo unang'oa migomba. Mto ukachafuka, hakuna mvuvi aliyekubali kutuvusha.

Tulirudi Jumatatu, mtoto amepoa. Yvette akaniachia mtoto, akaenda kufungua nyumba ya ordinatere ipate hewa.

Nikasikia jina langu.

"Koko! Koko, njoo!"

Nilikimbia na mtoto mgongoni. Yvette amesimama katikati ya chumba, mikono imening'inia.

"Haziko."

"Haziko namna gani?"

"Koko, angalia. Meza iko mutupu."

Mlango haukuvunjwa. Dirisha limefungwa. Waya za kuchajia zimekunjwa vizuri, zimewekwa pembeni. Meza zimepanguswa, chini kumepigwa tambala.

Mwizi anayeharibu unamwelewa. Mwizi anayesafisha, huyo ni nani?

Watu wakajaa. Wanaume wanauliza maswali kwa sauti. Wanawake wamesimama pembeni. Hidaya, mke wa fundi mitumbwi, alijifunika mdomo na kikwembe, kitenge chake. Mama Julienne alitazama chini. Nikasema moyoni, wameshtuka, maskini.

Yvette alimpigia Magloire simu siku hiyohiyo. Hakuficha kitu. Mimi nilimwambia angoje kwanza tutafute. Akanijibu:

"Koko, nikingoja watasema nilikuwa ninaficha."

Vijana wakamkumbuka Kamaldine.

Kamaldine ananunua samaki wetu wa moshi, anawapeleka Salamabila kwa pikipiki. Kwao ni Kabambare, si mtu wa kisiwa, na hilo lilitosha kuwa kosa. Alipokuja mwaloni Jumanne walimzunguka, wakamwaga vikapu vyake vyote mchangani.

"Ordinatere ziko wapi?"

"Pasueni kambale mutafute tumboni," Kamaldine akasema. "Labda walizimeza."

Walimpiga kofi mbili. Hawakukuta kitu. Akaokota samaki wake mmoja mmoja, anapuliza mchanga. Mpaka leo ninamwonea aibu mtu huyu.

Jumatano Magloire akafika. Hakuja peke yake. Alikuja na polisi, Komanda Moussa, mtu mnene mwenye jasho, viatu vyake ameshika mkononi kwa sababu ya maji ya mtumbwi.

Walimhoji Yvette mlangoni pa nyumba, watu wote wanasikia.

"Ufunguo uko na nani?"

"Na mimi, Komanda."

"Kuna mwingine?"

"Hapana."

"Mlango ulivunjwa?"

"Hapana."

"Dirisha?"

"Nililikuta limefungwa."

"Basi mwizi alipita wapi, binti? Kwa tundu la ufunguo?"

Watu wengine wakacheka. Yvette hakucheka.

"Mimi siko mwizi," akasema. "Bwana Magloire, wewe unanijua."

Magloire alikuwa anatazama mto. "Nilidhani ninakujua," akasema. "Shirika linaniuliza mimi. Nitajibu nini?"

Komanda akatoa kamba. Nilimwambia, "Mwanangu, huyu ananyonyesha!" Akanijibu kwa upole kabisa, na upole huo ndio uliniuma: "Koko, utamuleta mutoto Kasongo anyonye kule."

Wakamteremsha mwaloni, mikono mbele, kamba inaning'inia. Msichana aliyekuwa ameanza kutembea na kichwa juu.

Aliyelia kuliko wote alikuwa Mama Julienne. Alijitupa mchangani. "Si yeye! Si yeye! Mungu wangu, si yeye!"

Nikasema, jirani ndiye huyu.

Sasa, nyinyi wa miji mikubwa labda hamjui. Kwetu mtu akifungwa, serikali haimpikii. Usipompelekea chakula atalala njaa. Kwa hiyo nilimwomba Komanda angoje kidogo nichukue bugali na kipande cha samaki. Akakubali, naye alikuwa anatafuta kivuli.

Bugali nilikuwa nayo. Samaki sikuwa naye. Nikaenda moja kwa moja kwenye banda la moshi la Julienne, karibu na maji, kwa sababu uchanja wake, zile fito zilizopangwa juu ya moto, haukosi samaki, na mimi na yeye hatuombani. Ninaingia, ninachukua. Hivyo tumeishi.

Nilipoinama mlangoni nikasikia miguu nyuma yangu. Julienne alikuwa ameacha kilio chake mwaloni, anakuja mbio, mchanga bado mgongoni.

"Koko, usiingie!"

"Ninataka kambale mmoja tu. Mtoto anaenda kulala selo."

"Hakuna samaki."

"Hakuna samaki na moto unawaka?"

Nikautazama ule moto.

Wanangu, moto wa samaki una kelele. Unatiwa kuni mbichi, unatoa moshi wa kukutoa machozi. Moto niliouona haukuwa huo. Ulikuwa makaa machache yamefunikwa majivu, joto dogo la polepole, usiku na mchana. Kwetu huo ni moto wa mbegu. Ndivyo tunavyotunza mahindi ya kupanda yasiote ukungu: unayafunga vizuri, unayaweka uchanjani juu ya moto mdogo, unyevu unatoka.

Lakini mbegu zote za mwaka huu zilikuwa zimeshapandwa. Mahindi yalikuwa yamefika magotini.

"Julienne. Mbegu gani hii?"

Akaweka kidole mdomoni.

"Koko, usitaje. Ninakuomba. Usitaje."

Nikarudi nyuma hatua moja.

Lazima niwaeleze. Lubanda, kitu kikiwa uchanjani juu ya moto wa mbegu hakitajwi. Hatusemi kiko wapi, hatusemi ni nini, hata mume haulizi. Kikitajwa kabla ya kuteremshwa, kinaharibika. Nilifundishwa na mama yangu, naye na mama yake. Sijawahi kutaja mbegu, hata ya jirani.

Nikainua macho. Juu pale, katikati ya majani ya mgomba, kulikuwa na kitu bapa, kimefungwa ndani ya kikwembe. Kikwembe kizuri, kile cha Julienne cha sikukuu.

"Nyingine ziko wapi?"

Akanyoosha mkono kuelekea mabanda mengine. Kila moja lilikuwa na moshi mwembamba, mwembamba.

Akaanza kusema kwa kunong'ona, maneno yanakimbizana. Jumapili upepo ulivunja komeo la dirisha. Mvua ikaingia kama imealikwa. Wamama waliokuja kuwaona watoto wao walikuta mashine zinalia maji. Yvette hayupo, mto haupitiki. Wakaruka dirishani. Wakapangusa. Wakakunja waya. Wakatoka, wakalibana dirisha kwa kijiti. Kila mmoja akabeba moja.

"Alisema unyevu unaziua, Koko. Tungeziacha zife?"

"Na mtoto wangu mnamwona anafungwa kamba!"

"Zimebaki siku mbili tu! Zikauke, tuzirudishe mezani, Yvette aachiliwe na heshima yake. Tukitaja sasa zitaharibika, na hapo ndipo watamfunga kweli. Nalia mimi, Koko. Unafikiri ninalia uongo?"

Hakuwa analia uongo. Hilo ndilo lililonichanganya kichwa.

Nilitoka pale. Mwaloni niliona Komanda ameanza kuvaa koti la mvua la kujikinga na maji ya mtumbwi. Yvette tayari ameketi katikati ya mtumbwi, anamtazama mtoto wake mikononi mwa Hidaya. Na Hidaya, mwenye mashine juu ya moto wake, anamtikisa yule mtoto na machozi yanamshuka.

Nikapaza sauti. Sauti yangu yote ya uzee.

"Ziko uchanjani! Ordinatere ziko uchanjani! Kwa Julienne, kwa Hidaya, kwa wamama! Zilinyeshewa, zinakaushwa!"

Wanawake walishika vichwa. Mmoja alipiga yowe kama la msiba.

Magloire alielewa wa kwanza. Akawa mweupe, mtu mweusi vile.

"Juu ya moto? Wamama, kuna betri ndani! Betri! Toeni haraka, itapasuka, itaunguza nyumba!"

Basi wakazileta, mstari mmoja, wamezibeba mikononi kama watoto wachanga, kila moja ndani ya kikwembe chake. Zilinukia kambale. Magloire akazifungua mchangani kwa ncha za vidole. Vidude vya herufi vilikuwa vimelainika, vimeinama. Vioo vimekuwa na madoa. Na tumboni zimevimba, kama mbuzi aliyekula mihogo mibichi.

Alijaribu moja. Haikuwaka. Akajaribu ya pili, ya tatu. Akaketi mchangani na suruali yake safi.

"Mungu wangu. Kwa nini hamukuniambia?"

Hidaya alijibu, bila ukali:

"Ulituambia ugonjwa. Dawa hukutuambia."

Komanda Moussa alijikuna shingo. "Bwana Magloire, sasa mimi ninamufunga nani? Wamama wote hawa na mafiga yao?" Akamfungua Yvette kamba mwenyewe, akamsaidia kushuka.

Ningependa kumalizia hapo. Haikuishia hapo.

Yvette alimchukua mtoto, akapita mbele ya wamama wote akielekea nyumbani. Julienne akataka kumshika mkono.

"Yvette, tulifanya kwa ajili yako."

Yvette alisimama.

"Mama Julienne, najua. Lakini mulikaa mukinitazama. Ningelala selo nikiwa ninapendwa hivyo?"

Akaenda zake.

Shirika lilichukua mashine, likachukua na plake na antene. Walisema watafikiri. Mpaka leo wanafikiri. Nyumba iko pale, matofali yetu wenyewe, ndani wanaanika nyavu. Kazi ya Yvette imeenda na mashine. Sasa anauza mikate ng'ambo Nyangwe, anavuka asubuhi, anarudi jioni.

Na mimi?

Mimi ndiye mkosaji wa kisiwa.

Ndiyo. Msicheke. Kwa wamama wa Lubanda jambo liko wazi kabisa: mashine zilikuwa zinakauka vizuri, zilibaki siku mbili, Koko Ernestine akazitaja, zikaharibika. Palepale, mbele ya macho ya watu. Ushahidi gani mwingine unatakiwa?

Julienne aliniambia kwa mdomo wake. "Jumapili yangu na Zéphi umeichukua wewe." Hajanikanyagia mlango tangu siku hiyo. Samaki sasa ninanunua kama mgeni.

Yvette anakasirika. "Koko, waeleze! Ni moto ulioziharibu, si mdomo wako!"

Anasema kweli. Magloire alinieleza mambo ya plastiki na betri, nikaelewa vizuri. Lakini mimi pia nina kitu juu ya moto hivi ninavyoandika. Msiniulize ni nini.

Sasa sikilizeni, hili sijawaambia wamama, ninawaambia nyinyi.

Siku ile nikitoka bandani kwa Julienne, sikujua habari za plastiki. Niliamini kama wanavyoamini wao. Niliamini kwamba nikifungua mdomo mashine zote tano zitakufa, nyumba itafungwa, na jirani yangu hatamwona tena mwanawe siku ya Jumapili. Niliyahesabu yote hayo nikitembea kutoka bandani mpaka majini.

Nikataja.

Wanangu, kuna vitu vya kunyamazia, na mimi si mtu wa kudharau mambo ya wazee. Lakini ukiona mtu anafungwa kwa kosa ambalo wewe unajua si lake, usingoje kitu kikauke kwanza. Sema siku hiyohiyo. Kama kusema kwako kutaharibu mengine yote, acha yaharibike. Inatosha kwamba mtu anateremka kutoka mtumbwini, anamchukua mtoto wake, anakwenda nyumbani.